Siku Mama Alipokataa Kutoka Peke Yake

Mama yangu alishushwa kwenye gari la abiria akienda Mpanda kupima macho. Kosa lake: alitunza cheti chake vizuri mno.

Tulipopewa vyeti vya uraia, sisi wa Mishamo, wakimbizi wa zamani na watoto wao, wote tulikimbilia kwa fundi wa sokoni mwenye mashine ya sola, akavifunga kwenye nailoni ngumu. Tuliogopa mvua, mchwa na panya. Maofisa hatukuwaogopa, tulidhani hayo yamekwisha. Kumbe cheti kile kina muhuri wa kuguswa kwa kidole, na juu ya nailoni kidole hakisikii kitu. Na mwaka huo ukaguzi ulikuwa umekazwa, wagombea wanashindana nani atawaondoa "wageni" haraka zaidi. Mama, aliyeingia nchi hii akiwa mgongoni, akaambiwa asubiri uhakiki kwenye ofisi ya uhamiaji. Usipokamilika mpaka Ijumaa, anapelekwa mpakani.

Alinipigia Jumatano asubuhi kwa simu ya mlinzi.

"Tuko wanne hapa, wote wa kwetu, wote wa nailoni," alisema. "Chai wanatupa. Haina sukari."

Siku hiyohiyo diwani wetu alikuwa na mkutano wa kampeni kwenye uwanja wa soko, hatua chache kutoka meza yangu ya maharage. Tulishamchagua mara mbili kwa ahadi kwamba hakuna atakayetugusa. Jirani yangu, muuza mihogo, alikuwa ameshachoka naye.

"Kura yangu nimeifungia sandukuni," akaniambia. "Nimempa mara mbili, kapotea mara mbili."

"Usimpe. Ila njoo mkutanoni na cheti chako. Waambie na wengine."

"Tukafanye nini?"

"Tukaondoke."

Akanitazama kama nimepigwa na jua. Lakini maharage yamenifundisha kitu. Mteja anayeondoka mbio, huyo amekwenda. Anayeondoka polepole, huku akitazama meza ya jirani, huyo nitamwita mwenyewe na bei itashuka. Sijawahi kumwacha hata mmoja afike kona.

Diwani alipanda jukwaani. "Mishamo oyee!" Wakaitikia wacheza ngoma tu aliokuja nao kutoka mjini, ambao hawapigi kura kwetu. Nikainua cheti changu.

"Mheshimiwa, mama yangu anashikiliwa Mpanda kwa sababu ya nailoni kama hii."

"Dada yangu, suala hilo linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Wahusika ndio sisi, na tuko hapa."

Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema tumalize mkutano kwanza. Nikasimama, nikakung'uta kitenge. Muuza mihogo akasimama. Halafu mstari wa pili, halafu ule wa nyuma, kila mtu na cheti chake mkononi, kinang'aa juani kama bati jipya. Tulitembea kama watu waliobeba ndoo zilizojaa. Mzee mmoja aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Nilihesabu viti vilivyobaki na watu: kumi na moja. Nikahesabu tena: tisa.

"Jamani! Nyie ndugu zangu, subirini!"

Niligeuka mimi tu.

"Unataka nini, dada?"

"Gari lako. Twende Mpanda."

"Kesho asubuhi na mapema."

Nikapiga hatua mbili.

"Basi, leo."

"Na wewe uwe ndani yake."

Alikubali kwa uso wa mtu aliyeuziwa debe lenye mawe. Uwanja mzima ukapiga vigelegele, mkutano wake wa kwanza Mishamo kushangiliwa kwa dhati.

Tulifika kabla ofisi haijafungwa. Ofisa alikuwa binti mpole. Namba ya cheti, alisema, inasomeka vizuri hata kwenye nailoni. Kilichokuwa kinasubiriwa ni kiongozi wa kata kuandika kwamba anamfahamu mhusika. Nikamtazama diwani. Diwani akatazama dari. Kisha akaomba karatasi, akaandika palepale, akasaini. Binti akafungua daftari, akatafuta namba, akageuza ukurasa tuone: jina la mama na picha yake, kakunja uso vilevile.

"Mama, uko huru. Utusamehe."

Mama hakuinuka kwenye benchi.

"Tulikuwa wanne," alisema.

"Wewe toka kwanza, mama," binti alisema, "hawa wengine tutaangalia..."

"Mwanangu, mimi nimekaa hapa tangu jana. Nikikaa tena kidogo sifi. Mwambie huyo mheshimiwa asifunike kalamu."

Kalamu haikufunikwa. Barua ya pili, ya tatu, ya nne. Ya nne mwandiko ulikuwa umelala, mkono umechoka, lakini namba nayo ilikuwepo daftarini. Wote wanne walitoka kwa mlango wa mbele, na waendesha bodaboda waliokuwa nje wakawapigia honi bila kujua sababu.

Gari la mheshimiwa lilikuwa la watu watano. Mama alikaa mbele kwa dereva, wenzake watatu nyuma. Nilihesabu mara mbili. Nafasi ya diwani haikuwepo, wala yangu. Mama akafunga kioo, gari likaondoka.

Mimi na diwani tulipata lifti kwenye Fuso la mahindi, juu ya magunia. Tulipotoka mjini alisogea karibu, akapaza sauti kushinda upepo.

"Sasa dada, kura za kwenu si nitazipata?"

Nikamwambia ashike kamba vizuri, Mishamo bado mbali na maongezi ya bei ndiyo kwanza yanaanza.