Mama Vumbi afufua kompyuta kuukuu, lori larudi barabarani

Saa tatu na nusu asubuhi, vumbi linatimka chini ya ngazi kana kwamba kuna mtu anapepeta pumba humo ndani. Wapitaji wanaziba pua na kuvuka upande wa pili. Waliozoea mtaa huu hawashtuki. Wanajua Mama Vumbi amefungua kompyuta nyingine.

Ameinama mlangoni, kitambaa kimemfunika pua na mdomo. Mkono wa kulia umeshika kipulizio, wa kushoto umeizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo.

"Watu huniletea wakisema imezeeka," anasema bila kuinua kichwa. "Haijazeeka hata kidogo. Inakosa pumzi tu, maskini."

Mwanamke huyu wa miaka arobaini na tatu ni fundi wa kompyuta za mezani. Karakana yake ni chumba chenye upana wa meza moja na viti viwili, na dari yake ndiyo ngazi ya jengo. Upande wa mlangoni unasimama wima, upande wa ndani unajikunja. "Humu hata mwenye kiburi huinama," huwatania wateja.

Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa ofisini kwa miaka kumi na miwili. Ofisi ilipoleta mashine mpya, yeye na mashine za zamani walitolewa wiki ileile. Aliomba apewe mbili zilizokuwa zinaelekea jalalani, akazifungua jikoni kwake kwa bisibisi ya kukazia mipini ya sufuria. Moja aliiua kabisa. Ya pili ilimfundisha kazi.

Mwezi ukiwa mzuri hupokea kompyuta kumi na nane, ukiwa mbaya sita. Nyingi siku hizi zinaletwa na watu wanaotaka kucheza michezo lakini hawana uwezo wa kununua mashine mpya. Kompyuta mpya ya michezo ingemeza mapato yake mwenyewe ya karibu mwaka mzima, kwa hiyo anawaelewa. Anachofanya ni kuangalia kilichopo, kuacha kinachofaa, na kubadilisha kile tu kinachokwamisha.

Kompyuta iliyo mbele yake asubuhi hii ina umri wa miaka kumi na mmoja. Mwenyewe ni mzee wa miaka hamsini na tisa, na safari ya mashine hiyo hadi chini ya ngazi ilianzia kwa kinyozi.

Mzee huyo aliendesha malori ya masafa marefu kwa miaka ishirini na sita. Miaka miwili iliyopita alipata ajali, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Tangu hapo alikuwa mtu wa kukaa dirishani. Ukimsalimu anaitikia, ukimwuliza anajibu neno moja, basi.

"Alikuwa msemaji, huyu!" anasema mkewe, mshonaji wa sare za shule. "Nyumba ikawa kimya mpaka nikawa nawasha cherehani nisikie kelele."

Siku moja alikwenda kunyolewa. Alinyolewa kwa dakika kumi, akakaa saa tatu. Mkewe alipomfuata alimkuta mbele ya kompyuta ya kinyozi, akiendesha lori la kwenye mchezo kwa vidole. Gia, breki na mafuta vyote vilikuwa kwenye vitufe. Mguu haukuhitajika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimweleza mkewe jinsi mtu anavyoteremsha mzigo mzito mlimani.

Nyumbani walikuwa na kompyuta waliyoachiwa na binti yao alipoolewa. Waliuweka mchezo humo, lakini lori likawa linasogea kama mtu anayefunua albamu ya picha, moja, kisha nyingine. Mzee akaizima, akarudi dirishani.

Hapo mshonaji akaanza kuweka akiba kimyakimya. Alishona sare mia moja na arobaini. Kisha akaibeba kompyuta kichwani, ikiwa imefungwa kwa kanga, mpaka kwa Mama Vumbi.

"Akaniambia, 'Dada, hiki kiasi nilicho nacho ndicho chote. Kikipotea, sina kingine.' Nikamwambia, mama, tutakwenda nacho hichohicho."

Fundi akapiga hesabu zake. Wengi, anasema, hukimbilia kununua kadi kubwa ya picha, ile inayochora mchezo kwenye kioo, wakati kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta kina nguvu ya kuwashia redio. Yeye alianza na umeme, akatoa kisanduku chenye nguvu zaidi kwenye mashine iliyokufa. Ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi, aliiongeza kutoka gigabaiti nne hadi kumi na sita, zote za mitumba. Diski ya zamani, iliyokuwa ikikwaruza kama panya darini, akaitoa na kuweka mpya ndogo isiyozunguka. Akiba nyingine yote ikaenda kwenye kadi ya picha, ndogo, isiyokula umeme mwingi, iliyokwisha kutumika miaka mitatu.

Kadi hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi. Desturi yake ni kujaribu kila kitu dukani kabla hajalipa, kwa kuwa muuza vipuri akishakukabidhi mkononi hakujui tena. Siku hiyo umeme ulikatika pale dukani, na mnunuzi mwingine alikuwa amekwisha kuinyooshea mkono. Mama Vumbi akalipa bila kujaribu.

"Haraka haraka haina baraka, naijua tangu utotoni," anasema. "Siku hiyo niliisahau."

Saa nne wenye mali wanafika. Mzee anatangulia na magongo yake, anainama kuingia, mkewe nyuma. Wanakaa kwenye viti viwili, na fundi anabaki amesimama kwa kuwa cha tatu hakipo.

Mama Vumbi ana sharti moja lisilopingwa. Mwenye mali ndiye anayechomeka waya wa mwisho, ule wa kioo, na ndiye anayebonyeza kitufe mara ya kwanza baada ya kadi kupachikwa; kabla ya hapo yeye haiwashi. "Asije akasema nilimficha kitu. Na furaha ni yake, mimi niiibe ya nini?"

Mzee anapeleka mkono nyuma ya kompyuta, anapapasa, anachomeka. Anabonyeza. Feni zinazunguka, taa inawaka, na fundi ameikodolea macho kadi yake ya mtumba, anaisikiliza kama daktari.

Kioo ni cheusi.

Wanasubiri. Cheusi vilevile. Mama Vumbi anazima, anachomoa kadi, anawasha bila kadi. Picha hiyo! Anairudisha kadi. Giza. Anaichomoa tena, anasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, anairudisha taratibu. Giza. Ushahidi wote unaihukumu kadi, na kadi ni sare mia moja na arobaini.

"Nilitaka ngazi iniangukie," atakuja kusema baadaye. "Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitalipa mimi, hata kwa mwaka. Lakini nilishindwa kumwangalia yule mama usoni."

Mshonaji ameshika kanga mdomoni. Mzee anamgeukia fundi.

"Fundi, naomba niulize jambo la kijinga."

"Uliza tu, mzee wangu. Mimi mwenyewe nimeishiwa."

"Lori likinizimikia njiani, sikuwa naanza na injini. Nilikuwa naanza na kilicho karibu. Mafuta yapo? Betri imeshika? Kuna siku nilifumua injini nusu siku nzima, kumbe tangi kavu." Anakohoa. "Sasa huo waya niliochomeka mimi, umeuangalia?"

Mama Vumbi anageuza kompyuta. Waya umechomekwa tundu la juu, la zamani, palepale mkono wa mzee ulipozoea kuuchomeka nyumbani. Chini yake tundu la kadi mpya liko wazi, linamtazama. Kadi ikiwamo, tundu la zamani hulala; kumbe ilikuwa inafanya kazi muda wote na kupeleka picha mahali ambapo hapakuwa na waya.

Fundi anakaa chini sakafuni na kuanza kucheka, machozi yanamtoka humohumo kwenye kicheko. "Miaka kumi na mmoja ya ufundi chini ya ngazi! Naangalia meno ya kadi, waya siuoni!"

"Mimi ndiye niliyekosea tundu," anasema mzee.

"Na mimi ndiye niliyekupa waya nikageuka. Hamisha, mzee wangu, hamisha upesi kabla sijafa."

Anahamisha. Kioo kinawaka, mchezo unafunguka, na barabara inatandazika laini, miti inapita bila kukwama. Mzee anaweka vidole kwenye vitufe. Lori linatoka yadini, linakata kona, linashika mteremko.

"Dereva! Taratibu, Dereva!" mkewe anapaza sauti, mkono ameukaza begani kwake.

Hilo ndilo jina alilomwita tangu uchumba, na tangu ajali hakuwahi kulitamka tena, kwa kuogopa kumtonesha. Mzee hageuki, ila anacheka peke yake.

"Taratibu nini, mwanamke," anasema. "Mzigo unasubiriwa." Mama Vumbi anasema hata angelipwa mara mbili asingepata nafuu kama aliyoipata kwa maneno hayo.

Wiki tatu sasa zimepita. Kila kompyuta inayotoka chini ya ngazi ikiwa na kadi mpya imezibwa tundu la zamani kwa plasta nyekundu. Dereva mwenyewe ndiye aliyependekeza maandishi ya juu yake yawe "Njia imefungwa". Nne zimekwisha kutoka hivyo, na hakuna aliyekosea.

Juzi mshonaji alipiga simu. Fundi alipoiona namba alidhani mashine imezima. Kumbe ni mashtaka.

"Mama Vumbi, chakula kinapoa hapa. Nikimwita anasema zimebaki kilomita arobaini. Sasa nifanyeje?"

"Mpelekee kulekule njiani, dada!"

Naye ana safari yake. Ameona chumba ng'ambo ya barabara, chenye dirisha na dari isiyomwinamisha mtu, ambamo meza tatu zinaenea. Kwa mwendo wake wa sasa atakifikia baada ya miezi minane. Anataka meza moja iwe ya kufundishia wanawake waliopoteza kazi kama yeye, nyingine ya kazi, na ya tatu ya mteja kujaribia mali yake akiwa amekaa vizuri. Ameapa kununua kiti cha ziada.

Mashine ya kwanza kuwashwa humo, anasema, itawashwa na Dereva.

"Yeye ndiye atakayechomeka waya," anasema, akirudisha kitambaa puani. "Sharti langu halibadiliki. Ila safari hii, nitauangalia mkono wake."