Kufuta Harusi ya Mjomba

Mjomba wangu wa Kisarawe alipoamua kuoa mara ya tatu, watu wengi kwenye ukoo walijiuliza kama ana akili timamu. Mimi nilijiuliza kama bado analo lile koti la harusi ya pili, maana hata wakati ule lilikuwa linambana. Alinipigia simu nikiwa kazini Tumbi.

"Ile diski ya video za ukoo unayo wewe?"

"Ninayo, Mjomba."

"Basi Jumamosi njoo nayo, na kompyuta yako. Kuna kitu cha kufuta."

Kitu chenyewe kilikuwa harusi yake ya pili, yote nzima. Mke yule alikwishaondoka zamani, akaondoka na makochi na kabati la vyombo. Mjomba hakutaka bibi harusi mpya akae sebuleni amwone mumewe kwenye televisheni akilishwa keki na mtu mwingine. Jumamosi nikatoka Sofu na pikipiki yangu, nikazungukia Kinyerezi na Pugu, nikafika kwake nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliitikia shikamoo yangu huku akivuta kiti mbele ya kompyuta.

Nikachomeka diski, nikachagua folda ya harusi, nikabonyeza kufuta. Kompyuta ikakataa, ikasema sina ruhusa. Video zilifunguka vizuri tu, lakini kufuta, kuongeza, hata kubadilisha jina, hapana. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Vilevile.

"Ruhusa ya nani?" Mjomba akauliza.

Kompyuta yangu inatumia Linux, na huko kila faili lina mwenyewe. Nikafungua dirisha la kuandikia amri, nikatazama. Mmiliki wa diski nzima alikuwa ameandikwa root.

"Ndiye nani huyo?"

"Ndiye mkubwa wa kompyuta, Mjomba."

"Sasa harusi yangu inamhusu nini? Mpigie."

Nikamweleza kwamba root si mtu, ni akaunti. Kwamba diski iliandaliwa kwa akaunti hiyo, na mimi wa kawaida nimeachiwa kutazama tu. Alinisikiliza kama anavyosikiliza hotuba za wageni rasmi, jicho moja jikoni. Nikaazima mamlaka ya root kwa amri ya sudo, nikaandika chown, amri ya kubadilisha mmiliki, nikaweka jina langu na mahali diski ilipo. Kompyuta ikataka nenosiri. Nenosiri huwa halionekani unapoliandika, na Mjomba akaona vidole vyangu vinacheza huku kwenye kioo hakuna kitu.

"Mbona huandiki chochote?"

"Naandika, ila haionyeshi."

"Kumbe ndiyo kazi mnazofanya huko maofisini."

Nikatengeneza folda tupu ili kujaribu. Ikakubali. Nikamwambia sasa diski ni yetu, naye akapumua kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. "Haya, futa. Hakikisha kwanza ndiyo yenyewe, usije ukafuta ubatizo wa watoto."

Nikaifungua video. Wakati huohuo mchumba wake akaingia na sinia la chai. Ni mjane, mwenye duka la vitenge, mama wa maneno machache. Mjomba akajaribu kusimama mbele ya kioo, lakini si mtu mpana kiasi hicho.

"Hiyo si harusi yako ile?" mama akauliza.

Mjomba akakohoa. "Tulikuwa tunaifuta."

"Mnaifuta na mimi nimo? Sogeza mbele, baba," akaniambia. "Hapo. Mwenye gauni la zambarau."

Kweli, alikuwemo, mstari wa mbele wa wachezaji, kashika leso, anakata kiuno kuliko bibi harusi mwenyewe. Alikuwa kaalikwa kama jirani. Akaweka sinia chini, akaketi, tukaitazama yote. Koti lilipoonekana alicheka mpaka akafuta machozi. Mjomba alikunywa chai yake akiwa ameipa kompyuta mgongo.

"Nilikuwa na kiuno," mama akasema ilipokwisha. "Ikifutwa hii, harusi yenu mtafanya wenyewe."

Haikufutwa. Kwa ruhusa niliyoihangaikia asubuhi nzima nilifanya kazi moja tu: nilibadilisha jina la folda, kwa maelekezo ya Mjomba, ikawa "Mazoezi". Walioana Jumamosi iliyofuata. Mjomba alivaa shati tupu, bila koti.