Magoti ya Fundi Daimu

Fundi Daimu alikuwa na hasira tangu Oktoba, siku bodaboda ilipomparamia barabarani kule Mfaranyaki na kumwachia goti gumu lisilokunjika. Tangu hapo alisali juu ya kiti cha plastiki, nyuma ya safu ya mwisho, mguu kaunyoosha mbele kama mgeni aliyekuja kuposa. Maumivu aliyavumilia. Alichokichukia ni kile kiti. Akaapa kwamba sala ya Idi hii paji lake la uso litagusa ardhi, na likishindwa, bora abaki nyumbani na cherehani yake.

Mtaalamu wa mazoezi wa hospitali alimwambia asiache mazoezi kwa sababu ya kufunga. Ayafanye polepole, nusu saa kabla ya futari, akimaliza tu apate maji. Basi kila jioni ya Ramadhani alitandika mkeka barazani kwake Majengo, akashika nguzo, akashuka kidogo, akapumua, akapanda. Jirani yake Notburga, mjane ambaye mtaa mzima unamwita Mama Remmy, alikaa kwenye kigoda akimhesabia. Naye alikuwa kwenye Kwaresima, hakuwa na haraka ya chungu.

"Tisa. Kumi. Hiyo umeniibia, fundi, hukufika."

Nguzo ilikuwa upande wa barabara, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jumanne, muuza makubadhi, mtu wa safu ya kwanza msikitini, alipita na mfuko wake wa magimbi, akaona. Alasiri imeshasaliwa, magharibi bado, saa ambayo hakuna sala ya sunna, na Daimu yuko mkekani anainama, kibla kakipa ubavu, na Mkristo pembeni anamwongoza! Tumbo la Jumanne lilifunga, lakini mdomo wake haujawahi kufunga hata siku moja. Kufikia Ijumaa mtaa ulishajua kwamba fundi anafundishwa kupiga magoti ya kanisani, Pasaka anabatizwa. Mteja mmoja alikuja kuchukua kanzu yake ya Idi kabla haijatiwa vifungo. Lisemwalo lipo, alisema, akaondoka nayo.

Daimu alichemka. Siku hiyo alikata kitambaa vibaya mara mbili. Alitamani kwenda kumkunja Jumanne shati, lakini kwa goti lile angefika lini?

"Leo tuache, fundi," Mama Remmy alimwambia. "Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Kaa hapo, hesabu."

Jumapili jioni wakaja watatu, Jumanne mbele.

"Asalaam aleikum, mzee Daimu. Tumekuja kwa nasaha. Huu ni mwezi mtukufu, na tunayoyasikia..."

"Waaleikum salaam. Simameni hapo hapo."

Akaiachia nguzo, jambo ambalo hakuwahi kulijaribu. Akashuka mpaka nusu, akaipita nusu. Goti lilimuuma hadi machozi yakamtoka, na hasira ikazidi kumsukuma chini. Goti likagusa mkeka, ikafuata mikono, likafuata paji la uso, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano. Hakuinuka. Akasema nao akiwa chini vile vile.

"Miezi mitano nimekaa kwenye kiti nyuma yenu. Hakuna hata mmoja aliyegeuka akaniuliza, Daimu, goti linaendeleaje? Leo nimepiga magoti, mmekuja watatu."

Mmoja alikohoa, akatazama barabarani. Adhana ya magharibi ikaanza, na kikombe cha maji kilikuwa pale ukingoni mwa baraza, hakuna aliyekigusa. Jumanne akavua makubadhi, akapanda barazani, akanyoosha mkono ili amwinue.

"Usiniguse," Daimu alisema. "Mama Remmy, hesabu."

Mama Remmy akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Moja," alisema.