Kitenge ya pili

Leo ku Mususa, kadafi, ule muuzishaji wa esanse ya pikipiki ya mu chupa, amenimwangia mafuta ku suruali, na hata pardon hakusema. Ile harufu ikanirudisha Masereka, mu shamba ya viazi ya mama, siku ndege ya mazoezi ya basoda ba jeshi ilianguka mule.

Moshi ilikuwa inatuchoma macho. Mama akafungua kitenge ya kiunoni, akafunika maiti ya kwanza. Ile ya kubebea mudogo wangu, akafunika nayo ya pili.

Jioni radio ikasema ndege imeangukia mu pori, na rubani alikuwa peke yake.

"Pori?" mama akafoka. "Kumbe ni pori niko nalima? Na kitenge ya pili nilifunika nayo nani, jiwe?"

"Labda kesho batarekebisha," baba akasema.

Kesho yake radio ikarudilia vilevile. Kisha siku tatu, soda mumoja akatuletea kitenge moja, imefuliwa na kukunjwa vizuri.

"Na ingine?" mama akauliza.

"Lakini mama, rapore ya jeshi inasema maiti ilikuwa moja."

Mama akamurudishia. "Basi hii hapana ya kwangu. Mi nilitoa mbili. Siku mutaipata ile ingine, muniletee zote pamoja."