Kaka Mashaka na Waya wa Sauti

Usiku ule aliokuja kaka Mashaka... lakini ngojeni, nianzie kwa mbuzi. Tulipokuwa wadogo, mbuzi wetu aliingia darasani akala chaki za mwalimu, akatoka na mdomo mweupe pe. Nikachapwa mimi. Shule nikaiacha hapo hapo. Aliyecheka mpaka akakaa chini ni kaka Mashaka, na kicheko chake kile cha kukohoa ndicho nilichokisikia sebuleni usiku ule, ilhali tulishamzika zamani.

Alikuwa fundi redio. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya tivii, sanda begani, anapanga nyaya. Deki na king'amuzi vyote anaviingiza kwenye ile redio kubwa ya spika tano aliyoniletea mwanangu, halafu waya mmoja tu unatoka kwenda kwenye tivii.

"Vyote vipitie kwa huyu mkubwa," anasema. "Ndiye anayegawa."

Mara sebule si sebule, tuko makaburini, tivii imekaa juu ya udongo mbichi. Picha inatokea. Ni nyumba yangu mimi. Wanawake wamekaa mikekani, vinywa wazi, wanalia, na sauti hakuna. Nawatafuta watu wangu. Wote wapo, isipokuwa mimi na binti yangu Rehema, mjamzito wa leo au kesho, aliyeapa kuzalia nyumbani kwa mkono wa mkunga jirani.

"Wanamlilia nani, kaka?"

Ananipa waya wa sauti. "Chomeka, usikie."

Waya wenyewe wa baridi, kama umeshika chura. Namrudishia.

"Sichomeki."

"Muoga tangu enzi za mbuzi," anasema, na safari hii hacheki. "Basi Rehema asizalie hapa."

Akainuka, akaenda zake. Nikamwita, hakugeuka.

Niliamka nimekaa wima, shuka limelowa. Kulipopambazuka nikagonga kwa Rehema.

"Funga kanga zako, mwanangu, twende hospitali."

"Baba, umeota nini tena?"

"Wewe funga kanga."

Alizaa kwa kupasuliwa, na mkunga mwenyewe akakiri asingemuweza. Mama na mtoto wazima. Wajukuu wananilalamikia, maana waya wa sauti wa tivii yetu niliuchomoa na sijaurudisha. Taarifa ya habari tunaangalia midomo tu.

Hawajui kwamba kwenye ile picha tulikosekana wawili, na Rehema amesharudi nyumbani salama. Nimebaki mimi. Ningemuuliza kaka. Alitoka vile vile bila kugeuka, na ndotoni hajarudi tena.