Jina Alilolichomelea Cheche

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima unamwita Cheche. Sitamnyima sifa zake. Ana mkono. Ukitoka kwetu kwenda sokoni utayapita malango yake kushoto na kulia, yenye maua, yenye tausi, na juu yake jina la wenye nyumba kwa herufi anazozikunja mwenyewe kwa nondo. Wateja wanamfuata kwa ajili ya herufi hizo. Rangi hupauka, huwaambia, lakini chuma kikishashikana na chuma, ndiyo basi tena.

Mtu huyohuyo aliishi na mkewe miaka nenda rudi katika nyumba isiyo na lango. Walifunga kwa bati na kamba. Mkewe akiuliza, jibu ni moja: "Nikimaliza kazi ya mteja." Wateja hawakuisha. Mwishowe waligombana, Cheche akabeba godoro na kurudi kwetu, chumba cha nyuma kinachopakana na karakana yake. Watoto wakabaki na mama yao. Sikumfukuza, marehemu asingependa. Ila siku hiyohiyo nilimwambia kwamba ndani ya uzio huu mama wa watoto wake hatasemwa vibaya.

"Sawa, shemeji," akaitika. Kwa kuitika, hajambo.

Huyo mama wa watoto tunamwita Malkia. Cheche mwenyewe ndiye aliyempachika jina hilo enzi za kumchumbia, alipokuwa anapita dirishani kwao akiwa ameloa mafuta ya nywele. Likamganda. Limeandikwa hata kwenye kibao cha saluni yake, na watoto wa jirani hawamjui kwa jina jingine.

Basi wezi wakaruka lango letu bovu, wakabeba mashine ya kukatia na nyaya zake. Tukakubaliana kutafuta mbwa. Aliletwa jike kutoka kwenye ghala lililofungwa, jitu zima, kichwa kama ndoo, kifua cha bondia. Jina hakuwa nalo. Mwenyewe wa zamani alikuwa akimwita kwa mluzi.

Niliwakuta mafundi wakimjadili wakati wa chai, mimi ndiye niliyekuwa nimebeba chupa.

"Muite Radi," alisema yule fundi mpaka rangi. "Mwizi akisikia tu, suruali chini."

"Radi gani?" Cheche akajibu. "Huyu ni jike. Mkubwa, mkali, anataka lango lake, ukichelewa kidogo kakununia. Huyu ni Malkia."

Wakacheka hadi nyundo zikawaponyoka. Nikaiweka chupa chini.

"Shemeji, jina hilo lina mwenyewe."

"Ah, shemeji! Mbwa wangapi wanaitwa Malkia? Hiyo ni heshima."

"Kama ni heshima, mbona huyu anajifuta machozi?"

"Moshi, mama," alisema mpaka rangi, na moto wenyewe ulikuwa haujawashwa.

Nikamwambia Cheche atafute jina jingine. "Tutaangalia," akasema. Nilisomesha historia kwa muda mrefu wa maisha yangu, nawajua watu wanaosema tutaangalia. Lakini nilikuwa na safari ya msiba wa mwalimu mwenzangu, nikaondoka.

Niliporudi, watu walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yetu kama wanaotazama gari lililopinduka. Lango jipya lilikuwa limeshapandishwa. Katikati kichwa cha mbwa, meno nje, kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Chini yake, kwa herufi zenye urefu wa mkono: MALKIA.

Nyumba hii aliijenga mume wangu, mtu ambaye hakuwahi kumtukana hata aliyemwibia. Na mpwa wangu, binti mkubwa wa Cheche, huja hapa kila akitoka shule nimsaidie masomo. Sasa mtoto alisukume jina la mama yake kwa mkono wake, halafu ndani akute mbwa?

"Zikate," nikamwambia.

"Shemeji, nikizikata nitaharibu lango."

"Umeshaharibu zaidi ya lango."

"Watu wazima mnakasirikia mbwa!" Akageukia mafundi wamsaidie kucheka. Nao, nasikitika kusema, walimsaidia.

Sikumwita Malkia. Maneno ya mtaani yana miguu yake. Alitokea saluni, aproni kiunoni, kitana kimechomekwa nyweleni, akanisalimia mimi kwanza: "Shikamoo, dada." Kisha akasoma. Mbwa alibweka kwenye mnyororo wake. Malkia akalishika lango, akalifungua, akalifunga, akalifungua tena. Bawaba hazikutoa hata mlio.

"Zuri," akasema. "Hongera, baba watoto. Miaka yote ile mimi naomba lango. Kumbe nilitakiwa kubweka."

Mpaka rangi ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, na safari hii hakuna aliyemcheka yeye. Cheche alijaribu kutabasamu, mdomo ukamgomea. Akaivuta mashine mpya ya kukatia, aliyoinunua baada ya ule wizi. Akazikata herufi moja baada ya nyingine huku ameinama, na mwanamke yule alisimama palepale, mikono kwenye aproni, hadi ya mwisho ilipodondoka.

Nilidhani hasira zingeniisha. Hazikuniisha.

"Sasa ling'oe lote," nikasema.

"Liende wapi?"

"Wanakolala wanao."

"Na sisi hapa tutafunga na nini?"

"Bati na kamba. Si unavijua?"

"Lakini dada..." Malkia alianza.

"Usinishukuru, mdogo wangu. Ni lako tangu zamani."

Lilibebwa kwa mkokoteni jioni hiyohiyo. Alama za herufi bado zinaonekana ukikaribia, ingawa mpaka rangi alizipaka kwa bidii ya mtu mwenye hatia. Mbwa nilimpa jina mimi, mbele yao wote: Zamu. Ni fupi, linaitika, na halimdhalilishi mtu.

Wako ndugu wanaonong'ona kwamba nimemwaibisha mwanamume mbele ya wafanyakazi wake. Waje waniambie mimi, wasipite uani. Aliyeaibisha ukoo ni aliyeliandika tusi kwa chuma, si aliyeamuru likatwe. Mpaka leo hajaenda kuomba radhi. Anasema ataenda akimaliza kazi ya mteja.

Ameniuliza mara kadhaa lini ataruhusiwa kututengenezea lango jingine. Nimemjibu kwamba atakaporudi kutoka kule kuomba radhi. Kwa hiyo kila jioni anahangaika na bati, kamba inamkata vidole, Zamu amekaa pembeni anamtazama.

"Shemeji, njoo ushike hapa basi!"

Namsikia. Simjibu.