Eda ya Mume Aliye Hai

Mwenzangu alikuwa na sauti, mimi nilikuwa na kinanda. Kilikuwa kile cha kuwekwa sakafuni, mkono wa kushoto unavuta pumzi na wa kulia unabonyeza, na kibao kimoja kilikuwa hakilii tangu nilipokipata. Miaka ile ya hamsini, hapo kwetu Msambweni, harusi ya wanawake ikitajwa na sisi wawili tulitajwa. Nalisema hili bila haya kwa sababu sifa zenyewe zilikuwa zake.

Waimbaji wengine waliimba wimbo mmoja, wakapumzika, wakaimba mwingine. Katikati ya ubeti mtu angeinuka, akacheza mpaka mbele, akamtunza mwimbaji pesa huku akimtupia jicho hasimu wake, na shairi la watu wa kale likageuka ugomvi wa majirani. Mwenzangu hakuipenda tabia hiyo. Aliyachukua mashairi ya zamani, yale aliyoyapokea kwa bibi yake kwa kusikia tu, akayapanga yakawa kisa kimoja cha mume na mke: kuoana, safari, habari ya kifo iliyokuja kuwa ya uongo, na kurudi. Akaongeza mkeka, sanduku la bati, birika na vikombe viwili. Mume hakuonekana, maana mume alikuwa kinanda changu. Yeye akiuliza, mimi najibu. Na kabla hatujaanza aliwaambia wanawake, kwa adabu lakini kwa macho makavu, kwamba hakuna kutunza mpaka kisa kiishe. Nilidhani watatufukuza. Wakatulia kama watoto wa chuoni mwalimu anapoingia.

Sijamwona tena mtu wa kazi kama yule. Siku tatu nzima alitafuta namna ya kukunja kanzu ya mume anayesafiri, akasema mke anayempenda mumewe haikunji haraka, na mke aliyemchoka naye pia haikunji haraka, ila mikono haifanani. Mimi nilikuwa natazama nisione tofauti. Kisha siku moja nikaiona, nikamwonea wivu hadi usingizini.

Kilichotuponza ni sehemu ya kifo. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda ndani ya nyumba miezi minne na siku kumi, hana wanja, hana uturi, wala hajipambi; ndiye tunayemwita kizuka. Mwenzangu alitoka nyuma ya pazia amejifunga bafta nyeupe, akaketi, akamimina chai vikombe viwili kwa mazoea. Akakitazama kile cha pili. Akakirudisha birikani taratibu, asimwage hata tone, ndipo akaanza kuimba. Alasiri tuliyoionyesha mara ya kwanza, wanawake walilia mpaka bibi harusi akalia nao, na mamake hakufurahi.

Lakini kwetu wimbo haukosi mwenyewe. Mtu akiimba, msikilizaji hujiuliza anapigwa nani. Miongoni mwa wageni alikuwamo mama mmoja aliyetoka Mackinnon Road, na huko Mackinnon Road ndiko mume wa mwenzangu alikokuwa akifanya kazi ya reli, mwezi wa saba huo hajaja nyumbani. Mama yule aliondoka kabla ya kisa kwisha, awahi lori la kwenda Likoni. Hakumwona mume akirudi. Alichokibeba ni zile nguo nyeupe, na njia nzima akazifumbua anavyojua yeye.

Alipofika alimkuta marehemu stesheni anakunywa chai. Akamwambia, "Mkeo amekukalia eda mbele za watu. Amekuzika, mwanangu, na kinanda juu."

Kabla mume hajapata ruhusa ya kuja, habari zilikuwa zimeshamfikia mavyaa wa mwenzangu, mjane wa miaka mingi, mwanamke asiyepandisha sauti. Alikuja asubuhi. Tulimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, wala hakuketi.

"Mwanangu yu hai," akasema. "Akija utachagua mbele yake. Nyimbo, au yeye."

Mavyaa alipoondoka nilimwambia mwenzangu aombe radhi, aiondoe sehemu ile, tuimbe harusi na kurudi basi. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ikanichoma. "Nikiiondoa hiyo," akasema, "hao wanaorudiana walipoteana wapi?" Alimpenda mumewe, hilo nalijua mimi niliyekuwa nikimsomea barua zake. Siku nne za kumngoja hakula chakula cha maana.

Mume alifika Ijumaa. Baada ya sala tukakutana uani, sisi wanne tu. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini siku hiyo mzaha wake ulikuwa mfupi. "Basi nionyesheni nilivyokufa," akasema.

Nikakivuta kinanda. Nikakosea, nikabonyeza kile kibao kisicholia, ukapita ukimya mahali pa sauti. Mwenzangu hakubabaika, aliimba juu yake. Aliikunja kanzu, na mara hii ilikuwa kanzu ya mumewe hasa, naye mumewe akainamisha kichwa. Mavyaa aliketi ameuelekea ukuta. Ikafika eda. Nguo nyeupe, mkeka, birika. Vikombe viwili vikamiminwa, naye akanyoosha mkono akirudishe cha pili.

"Siyo hivyo."

Nikaacha kuvuta pumzi. Mavyaa alikuwa amegeuka.

"Kikombe cha pili mtu hakirudishi birikani," akasema. "Mimi nilikiacha. Kila asubuhi nilikimimina nikakiacha mpaka kikapoa. Wakija watu nakifunika kwa sahani, nikawaambia namngoja mgeni. Miezi minne na siku kumi."

Mwanawe alikuwa hajui. Ilionekana usoni mwake kwamba hajui.

Mwenzangu alikiacha kikombe pale mkekani, akaimba. Nimepiga kinanda miaka mingi na sijasikia tena shairi likiimbwa vile. Hakumtazama mumewe; alimwimbia mavyaa wake, na mavyaa hakuugeukia ukuta tena. Tulipomaliza hakuna aliyezungumza habari ya kuchagua.

Jumanne iliyofuata tulikuwa tunafunga mizigo, tumealikwa harusi Jego. Mavyaa akaingia na kitu amekifungia ndani ya leso. Kilikuwa kikombe cha zamani, kina mstari wa buluu mdomoni na ufa mdogo penye mkono.

"Tumieni hiki," akasema. "Msikivunje. Bado ni chake."